Kazini wametuchukua uso ndio tuingie shifti, naeza kukataa ama nitaonyeshwa geti?

mtu_wa_rhonda (Nakuru)

Wasee habari zenu, niko na swali na naomba mnijibu kama watu wazima si kunichekelea. Mimi hufanya kwa godauni moja hapa Industrial Area, kupakia na kupanga mizigo, jina la kampuni naliacha juu bado nataka kula. Kitambo tulikuwa tunasaini kitabu pale kwa soja, baadaye wakaleta kadi za kugusisha, hizo kadi zilikuwa sawa tu mpaka wakaanza kulia ati watu wanapigiana, yaani mmoja anagusisha kadi ya mwenzake ambaye hayuko. Sasa juzi tumefika shifti ya saa kumi na mbili asubuhi tukapata mashine mpya imepigiliwa kwa ukuta, iko na kioo kama cha simu, tukaambiwa tupange laini kila mtu asimame mbele yake, atazame, ageuze kichwa kidogo, basi, umeingizwa. Hakuna fomu, hakuna kuelezwa kitu, msichana wa ofisi alikuwa anasoma tu namba ya kazi na kubonyeza.

Nilisimama kama wengine juu nyuma yangu laini ilikuwa refu na supervaiza anapiga kelele malori yanangoja. Lakini imenikaa kwa kichwa. Hio uso yangu imeenda wapi? Iko ndani ya mashine, ama kwa kompyuta ya mdosi, ama iko China sijui? Nikitoka hii kazi watabaki nayo? Na kuna madam mmoja wa shifti yetu, ni mweusi tititi na hufunga leso kichwani juu ya vumbi, mashine inamkataa karibu kila asubuhi, anasimama hapo anarudia, anasonga mbele, anarudi nyuma, mpaka ikimkubali wenzake wameshapakia lori nusu, halafu mwisho wa mwezi anapata amekatwa masaa. Supervaiza akamwambia mbele ya watu ati uso wake ndio uko na shida. Uso uko na shida! Wueh.

Kwa hivyo swali ni, naeza kuwaambia mi sitaki hii, nirudishieni kadi, na nisifutwe? Kuna sheria yoyote ya Kenya inagusa hii maneno ama tunaumia tu kimya kimya? Na asitokee mtu wa kuniambia nitafute kazi ingine, hio nimeshaisikia ya kutosha.

TukoSawa

Kwani buda simu yako unaifungua na nini, si uso? Facebook umejaza mapicha ya harusi na matanga, watoi wako huko wote, leo mashine ya kazi ndio inakuwasha? Kama huna cha kuficha simama hapo sekunde tatu uingie kazi. Afadhali hii kuliko ya kidole, mimi mikono ikiwa na simiti ile ya kidole hainijui kabisa.

fundi_wa_kondele (Kisumu)

Omera TukoSawa umechanganya vitu viwili hapo. Mimi ndio mtu wa kufunga hizi mashine, mimi na CCTV, kutoka Kisumu town mpaka Busia huko, kwa hivyo wacha niwaeleze venye inafanya ndio mjue mnabishania nini.

Ukisimama mbele yake haiweki tu picha. Inapima uso, macho yameachana aje, pua, taya, na mengine mengi ambayo programu imejifunza yenyewe, halafu inageuza hivyo vipimo kuwa namba nyingi nyingi, hizo namba ndio sisi huita tempuleti. Ni kama fundi wa nguo akikupima, wewe unaenda nyumbani lakini vipimo vimebaki kwa kitabu chake. Kesho ukija mashine inakupima tena na kulinganisha. Simu yako, sema iPhone, hio tempuleti inakaa ndani ya chipu ya simu yenyewe, hata Apple hawaichukui, na wewe ndio mwenye simu, ukichoka unafuta. Mashine ya kazi si yako. Tempuleti inaeza kaa ndani ya mashine pale ukutani, inaeza vutwa kwa kompyuta ya HR, na siku hizi nyingi zinakuja na ile ya kuunganisha kwa intaneti, hapo inaenda kwa seva ya mwenye programu na nyinyi hamjui iko nchi gani. Yote inategemea venye fundi aliambiwa afunge. Na niwaambie ukweli wa kazi yetu, mara nyingi mdosi haulizi, anasema tu "nataka ifanye", na fundi anaacha paswadi ile ya kutoka kiwandani. Nimewahi kununua mashine ya mtumba nikaiwasha nikapata bado iko na majina na nyuso za wafanyikazi wa watu wengine huko ndani. Paswadi ikiibiwa utabadilisha, uso utabadilisha na nini?

Hao Facebook unaowasema, 2021 wenyewe walizima kile kitu cha kutambua nyuso kwa picha na wakasema wanafuta tempuleti za watu zaidi ya bilioni moja, na bado 2024 jimbo la Texas liliwatoa dola bilioni 1.4 juu ya nyuso za watu zilizochukuliwa bila kuulizwa. Kwa hivyo usimuambie jamaa hii ni kitu kidogo.

Sasa mtu_wa_rhonda, ya huyo madam. Uso wake hauna shida, mashine ndio imefungwa vibaya, na naeza kuwekea pesa kwamba walimsajili mchana ofisini kuna mwanga halafu anakuja kuskaniwa alfajiri getini kukiwa giza. Hizi mashine za bei ya chini kamera yake ikikosa mwanga inapoteza ngozi nyeusi kabisa, inaona kivuli tu. Ongeza leso imefunika paji la uso. Suluhisho ni asajiliwe upya pale pale ukutani, saa hio hio ya asubuhi, na leso yake, na wapige taa hapo. Pia kuna kitu inaitwa kiwango cha kukubali, kwa menyu unaeza kukishusha ili mashine isiwe kali, lakini ukikishusha sana inaanza kuchanganya watu, dada wawili wanaofanana mmoja anaingia na jina la mwingine. Bora abonyeze namba yake ya kazi kwanza ndio aweke uso, hapo mashine inamlinganisha na yeye mwenyewe peke yake, haimtafuti kati ya watu wote.

Na ile kitu hawatawaambia: nyingi ya hizo mashine ziko na ya kugusisha kadi na ya kubonyeza namba ya siri ndani ya mashine hio hio moja. Mtu akikuambia hakuna njia ingine, anakudanganya ama hajafungua menyu.

mtu_wa_rhonda

Fundi asante, na umegonga pale pale juu kweli tulisajiliwa saa nne mchana na hio ukuta haina taa. Nimemwambia madam akasema hataki kuongea na ofisi, ako na watoto watatu na mkataba wake unaisha Disemba. Hapo ndio shida yote iko, kila mtu anaogopa.

mzee_wa_lanet

Vijana mnaongea kana kwamba mwajiri ni shetani. Mimi nimekuwa supervaiza miaka mingi kabla nistaafu na nimeona kadi kumi mfukoni mwa mtu mmoja, anagusisha moja moja huku wenye kadi wako kitandani Kaptembwo. Mshahara unatoka, kazi haifanyiki, na wale wanaokuja kwa kweli ndio wanabeba mzigo wa wengine. Kuna mahali tulilipa mtu aliyekuwa amehama zamani. Uso haukopeshwi. Mwajiri ana haki ya kujua nani yuko kazini, hata mkiniletea sheria gani.

Lakini hiyo ya kumkata mama masaa kwa sababu mashine imekataa, hapana. Enzi zetu mashine ikikwama soja aliandika kwa kitabu na mtu akalipwa. Supervaiza huyo ni mvivu.

mama_mshauri (Kakamega)

Mulembe nyote. Mimi si wakili, nasaidia watu na mambo ya haki kazini hapa Kakamega, mara nyingi ni mishahara na fidia za kuumia, ila hizi mashine zimeanza kuja kwetu pia, kwa hivyo nimelazimika kusoma.

Mwanangu wa Rhonda, sheria iko, na si changa tena. Inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mama yake ni Katiba, kifungu cha 31, kinachosema kila mtu ana haki ya faragha. Sheria hiyo inaweka data ya mwili katika kundi la data nyeti. Ukiisoma utacheka kidogo, imetaja alama za vidole, DNA, retina ya jicho, sauti, mpaka umbo la ndewe la sikio, lakini uso haijautaja kwa jina. Usiruhusu mtu akuzungushe na hilo, maana orodha yenyewe imeandikwa kama mifano tu, na tempuleti ya uso inaingia humo bila kusukumwa.

Kabla hawajakuchukua chochote walipaswa kukuambia wanachukua nini, cha kazi gani, nani mwingine atakiona, na haki zako ni zipi. Hiyo ni kifungu cha 29. Msichana wa kubonyeza namba si maelezo. Halafu kwa jambo lenye hatari kubwa kwa haki za watu, kifungu cha 31 cha sheria hii (si kile cha Katiba, namba zimegongana tu) kinataka wafanye tathmini ya athari kwanza, na ripoti ifike kwa Kamishna wa Data, yule anayesimamia sheria hii, siku 60 kabla ya kuanza. Msidhani hiyo ni karatasi tu. Huduma Namba mnakumbuka, ile namba moja ya utambulisho ya serikali? Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa zile kadi haukuwa halali kwa sababu serikali yenyewe haikufanya tathmini hiyo. Kama serikali iliangushwa na hilo, godauni ni nani?

Sasa tuje kwa ridhaa, ambayo ndiyo roho ya swali lako. Watakuambia ulisimama mwenyewe, kwa hivyo ulikubali. Sheria inasema mzigo wa kuthibitisha ridhaa ni wao, si wako, na kwamba katika kupima kama ulikubali kwa hiari inaangaliwa kama mkataba uliwekewa sharti la kutoa data ambayo haihitajiki kwa mkataba wenyewe. Mtu aliyesimama kwa laini, malori yananguruma, mkataba unaisha Disemba, huyo amekubali nini? Mwaka wa 2025, mwezi wa Mei, Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin, wale wa kuskani macho na kulipa kwa sarafu ya mtandaoni, wafute data za mwili walizochukua kwa Wakenya, wakapewa siku 7, na sababu moja ilikuwa kwamba ridhaa ya kuvutwa na pesa si ridhaa. Watu walipiga foleni KICC mwaka wa 2023 wakaskaniwa macho kwa kitu cha kama elfu saba. Kama zawadi inaharibu ridhaa, hofu ya kufutwa je?

Ila nikutahadharishe, mwajiri aliye na wakili mzuri hatasema kabisa kwamba ulikubali. Atasema uso unahitajika ili mkataba wa kazi utekelezwe. Hapo ndipo maneno ya fundi yanakuwa dhahabu, maana kama mashine hiyo hiyo inachukua kadi na namba ya siri, uso unahitajika vipi?

mzee_wa_lanet

Na kadi zinapigianwa, nimesema.

mama_mshauri (Kakamega)

Nimekusikia mzee wangu na sikatai, wizi wa masaa upo. Lakini Uingereza jambo hili hili lilitokea. Kampuni moja inayoendesha majumba ya mazoezi, Serco Leisure, ilikuwa inawaskani wafanyikazi zaidi ya 2,000 katika vituo 38, uso na vidole, kwa ajili ya kuhesabu masaa tu. Februari 2024 ofisi yao ya data ikawaamuru waache na wafute, ikasema kuna njia nyepesi kama kadi, na kwamba mfanyikazi hawezi kukataa kwa urahisi mbele ya mtu anayemlipa. Hoja ya kwamba watu hudanganya ilikuwepo, kampuni haikuweza kuonyesha kwamba njia hizo nyingine zimeshindwa. Sheria yao si yetu, na hapa kwetu mtu anaweza kubishana, ila yetu imefuata njia hiyo hiyo. Hata wewe umesema mwenyewe, soja na kitabu.

mzee_wa_lanet

Soja mwenyewe alikuwa anahongwa soda, mama. Lakini sawa, kadi na soja mwenye macho, halafu supervaiza ahesabu watu kwa shifti kama kazi yake inavyotaka. Tulifanya hivyo.

kijana_section58

Mnahangaika na godauni na serikali iko na makamera Nairobi na Mombasa tangu 2015 hivi, kama 1,800, polisi wanakuona ukinunua mutura. Hio nani atawaambia wafute?

fundi_wa_kondele (Kisumu)

Hio ni uzi wa siku ingine bro, lakini kamera kuwa barabarani na kamera kukutambua kwa jina ni kazi mbili tofauti, ya pili inataka programu na orodha ya nyuso za kulinganisha nazo. Kwa hio ya pili ndio naogopa. Detroit huko Marekani 2020 polisi walimshika jamaa mweusi anaitwa Robert Williams mbele ya bibi na watoto wake, ati ameiba saa dukani, kumbe kompyuta ilimfananisha na picha mbovu ya CCTV. Akalala ndani. 2024 mji ukakubali kumlipa dola 300,000. 2019 wale watu wa vipimo vya serikali ya Marekani, NIST, walijaribu programu 189 wakapata kwa nyingi kuchanganya mtu na mwingine kunatokea mara 10 mpaka 100 zaidi kwa nyuso za Waafrika na Waasia kuliko za wazungu. Hio ni ya kukufananisha na mtu ambaye si wewe, tofauti na ya yule madam wa kukataliwa, yeye shida yake kubwa ni mwanga. Lakini zote zinatoka mahali pamoja, mashine ilifundishwa na kupimwa na nyuso ambazo si zetu. Kuna dada anaitwa Joy Buolamwini, wazazi wake ni wa Ghana, yeye na Timnit Gebru 2018 walipima programu za kusema kama uso ni wa mwanamke ama mwanaume, kwa wanaume weupe makosa hayakupita asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mmoja kwa watatu karibu. Supervaiza anayesema uso wa mtu uko na shida asomewe hio.

mama_mshauri (Kakamega)

Kwa kijana wa Section 58, kifungu cha 51 kinaiachia serikali mlango kwa usalama wa taifa. Mlango, si ukuta mzima umebomolewa. Turudi kwa mkate wa huyu.

Kuhusu kukatwa masaa, hilo si la data hata, ni la Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 19 kimetaja makato yanayoruhusiwa, na la kukosa kazi linahusu siku nzima ambayo mtu hakuwepo bila ruhusa wala sababu. Mama aliyesimama getini akibishana na kioo alikuwepo, wenzake wamemwona. Aandike tarehe kila asubuhi na nani alikuwa nyuma yake kwa laini, kwa kijitabu tu. Na kifungu cha 46 kinasema kumfuta mtu kwa sababu amelalamika dhidi ya mwajiri si sababu ya haki, isipokuwa malalamiko yawe ya upuzi. Mkataba kuisha Disemba ni jambo gumu zaidi, siwezi kukudanganya, hapo wanaweza kukaa kimya tu usirudishwe na kuthibitisha kisa ni shughuli. Ndiyo maana nasema barua iwe ya watu wengi, isiwe ya mama peke yake.

nyar_nyalenda

Samahani kuingilia, huku Kisumu shule ya kijana wangu wametuma meseji ati muhula ujao watoto wataingia kwa kutambuliwa uso getini, tuende tupeleke picha mbili. Ni vibaya? Mimi niliona ni vizuri juu ya usalama.

mama_mshauri (Kakamega)

Dadangu, mtoto kifungu cha 33, lazima mzazi akubali na iwe kwa manufaa ya mtoto. Uliza kabla ya kupeleka picha, si baada. Kuna shule hapa Kenya ilitozwa shilingi milioni 4.55 mwaka wa 2023 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila wazazi kukubali, na hizo zilikuwa picha tu. Na Sweden mwaka wa 2019 shule ya Skellefteå ilijaribu uso kwa kuchukua mahudhurio ya wanafunzi 22, wazazi walikuwa wamesaini, bado ikapigwa faini ya kronor 200,000, kwa sababu mtoto na mzazi mbele ya shule hawana nguvu sawa, na mwalimu anaweza kuita majina.

nyar_nyalenda

Eish. Picha zimo kwa pochi, hazitoki.

TukoSawa

Sawa hio ya kukatwa pesa hata mimi singekubali. Lakini bado naona mnaogopa sana, faini ikipigwa pesa inaenda kwa serikali, nyinyi mnapata nini?

mama_mshauri (Kakamega)

Swali zuri. Faini ya kamishna ni mpaka milioni tano au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo, na ndiyo haiji kwako. Lakini kifungu cha 65 kinampa aliyeumizwa fidia, hiyo ni yako. Na malalamiko yakifika kwa kamishna sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90, si kama kesi za shamba.

mtu_wa_rhonda

Nimesoma zote, aki mmenisaidia. Tumeongea jana wakati wa chakula, tuko kama watu kumi na kitu tutasaini, hata madam amekubali akiwa katikati ya orodha si juu. Nimeandika hivi, angalieni:

"Kwa meneja. Sisi wafanyikazi tuliosaini hapa chini tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa, kama itawapendeza, mtueleze kuhusu mashine ya uso. Tunaomba mtuambie inaweka nini na wapi. Tunaomba pia kama kuna uwezekano tutumie kadi. Tunaomba msamaha kwa usumbufu."

mama_mshauri (Kakamega)

Mwanangu hiyo ni barua ya kuomba mchango. Heshima ibaki, kupiga magoti kutoke. Futa "kama itawapendeza" na huo msamaha. Andika hivi: "Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, tunaomba nakala ya data yetu mliyonayo na mtujulishe inahifadhiwa wapi, nani anaiona, na itafutwa lini mtu akitoka kazini. Tunaomba kutumia kadi au namba ya siri badala ya uso, na tempuleti zetu zifutwe. Tunaomba pia masaa yaliyokatwa kwa sababu ya mashine kukataa yarudishwe." Kanuni za 2021 zinawapa siku 7 kujibu ombi la kuona data na siku 14 kwa la kufuta, kwa hivyo tarehe iwe juu kabisa, kubwa. Msitaje mahakama wala kamishna sasa, mkitisha mapema wanaita wakili na mlango unafungwa. Saini zizunguke kwa duara ili asijulikane wa kwanza.

mzee_wa_lanet

Na msimpe supervaiza, ataiweka kwa droo. Mpeleke ofisini wawili, nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Kama wanakataa kupiga muhuri piga picha ukiikabidhi.

fundi_wa_kondele (Kisumu)

Ongeza laini moja hapo kwa kufuta, waseme wafute kwa mashine NA kwa kompyuta NA kwa seva ya mwenye programu. Juu ukifuta kwa mashine peke yake, ikiunganishwa usiku inavuta tena kila kitu kutoka kwa kompyuta, asubuhi uso wako umerudi. Mkiambiwa imefutwa, simama mbele yake kesho yake. Ikikuita jina, haijafutwa.

mtu_wa_rhonda

Nimeongeza. Tunaipeleka Jumatatu baada ya shifti, mimi na jamaa wa foklifti.